Saruji ya Udongo: Utafiti Ninaouwekea Dau

Watu wakisikia nashughulika na teknolojia za kupunguza kaboni, huniuliza kuhusu paneli za jua. Mimi ni mtu wa saruji, na kinachonisisimua zaidi miaka hii ni udongo uliochomwa.

Saruji hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Kuipata klinka, ambayo ndiyo roho ya saruji, mawe ya chokaa huchomwa hadi nyuzi joto 1,450 hivi. Hata tanuri likiendeshwa kwa nishati safi kabisa, tatizo halijaisha: kama asilimia 60 ya hewa ukaa hutoka ndani ya jiwe lenyewe linapogeuka chokaa.

Zamani dawa ilikuwa kupunguza klinka kwa kuchanganya majivu ya makaa ya mawe au slagi, yaani masalia ya viwanda vya chuma. Lakini Ulaya mitambo ya makaa inafungwa, na majivu yanaadimika. Ndipo watafiti wakashika njia tofauti. Brevik, Norwei, kiwanda cha saruji kimewekewa mtambo wa kunasa tani 400,000 za hewa ukaa kwa mwaka, izikwe chini ya Bahari ya Kaskazini. Sublime Systems, kampuni iliyochipuka MIT, chuo cha Marekani, imebuni njia ya kutengeneza saruji kwa umeme bila tanuri. Kazi nzuri zote. Ila Brevik ililipiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Norwei, nami sioni nani atalipia mtambo wa namna ile Tanga au Athi River.

Njia ya tatu ni LC3, saruji ya udongo uliochomwa na mawe ya chokaa, iliyokuzwa na Karen Scrivener wa chuo cha EPFL, Uswisi, pamoja na Fernando Martirena wa Cuba na wenzao wa India. Klinka nusu, udongo uliochomwa asilimia 30, unga wa mawe ya chokaa 15, jasi 5. Udongo huhitaji nyuzi 700 hadi 850 tu, na unachotoa ukichomwa ni mvuke wa maji, kwa kuwa hauna kaboni ya kuachia kama lile jiwe. Alumina, kiambata cha aluminiamu kilichomo kwenye udongo huo, hushikana na unga ule wa mawe ya chokaa yasiyochomwa na kujaza vitundu vya zege. Hewa ukaa hupungua kwa hadi asilimia 40. Wala LC3 haihitaji kaolini safi, ule udongo mweupe wa kutengenezea vikombe. Udongo wenye kaolini asilimia 40 unatosha.

Ugumu uko kwa fundi. Zege la saruji hii huwa zito kuchanganya, na fundi akiona halitembei huongeza maji, nguvu zikashuka. Ndiyo maana utafiti mwingi wa sasa unahusu viongezi vya kulainisha zege. Halafu kuna rangi: udongo wenye chuma hutoka mwekundu, na nani atanunua saruji nyekundu bila kudhani imechakachuliwa? Viwanda huudhibiti wekundu huo kwa kuupoza udongo mahali pasipo na oksijeni ya kutosha.

Kwetu malighafi si hoja. Kaolini ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, inajulikana siku nyingi, na mafundi wa Mbeya na Kenya wameshazoea saruji yenye pozolana, yaani majivu ya volkano. Kinachochelewesha ni viwango. Vya Afrika Mashariki vimefuata mfumo wa Ulaya, na Ulaya yenyewe iliruhusu mchanganyiko wa aina hii wenye klinka nusu mwaka 2021 tu. Ningekuwa na fedha za utafiti, ningezipeleka kwenye vipimo vya zege la udongo wetu katika hewa ya chumvi ya pwani, maana kamati za viwango zitataka takwimu hizo kwanza.