Mti haulipasui jabali peke yake: dhana potofu kuhusu kuvunjika kwa miamba

Ukiuliza watu wa wilaya za Kumi au Mubende, Uganda, ni nini kinachovunja majabali, wengi watataja mizizi na jua. Vyote viwili vimo, lakini mfanyakazi mkuu ni maji. Kwa joto la Uganda, hufanya kazi haraka kuliko kwenye nchi za baridi.

Dhana: Mzizi wa mutuba hutoboa jiwe zima.

Hautoboi. Mutuba ni mti wa jamii ya mtini. Ndege huangusha mbegu yake kwenye ufa uliokwisha kujaa vumbi na majani yaliyooza. Mche huota, na mzizi mwembamba hufuata unyevu hadi ndani. Ukinenepa hubana kuta za ufa kwa shinikizo linaloweza kufika megapaskali 1 hivi, karibu mara 10 ya shinikizo la hewa. Kupasua itale (graniti) isiyo na ufa kunahitaji nguvu mara kadhaa ya hiyo. Ufa uliopo, kwa upande mwingine, hurefuka kwa nguvu ndogo, kwa kuwa mkazo wote hukusanyika kwenye ncha yake.

Tena kusukuma si kazi kubwa ya mzizi. Mizizi na vijidudu vya udongo hutoa kabonidioksaidi, na maji yakiichukua huwa asidi hafifu. Mvua safi ina pH ya 5.6 hivi (chini ya 7 ni asidi) hata kabla ya kugusa ardhi. Ndani ya udongo gesi hiyo huwa nyingi mara 10 hadi 100 kuliko hewani. Asidi hiyo hula feldispa, mojawapo ya madini ya itale, na kuigeuza kaolini, ule udongo mweupe. Kwatzi, madini mengine ya itale, haigeuki, hubaki mchanga. Okota kipande cha itale ukitazame juani: feldispa inayong'aa bado ni nzima, iliyofifia kama chaki na kukwanguka kwa msumari imeoza.

Anayetaka kuokoa ukuta au tangi aung'oe mche ukiwa mwembamba kama kidole. Mti unaovuliwa gome la lubugo (nguo ya magome) na kuota jingine haufi kwa panga moja: shina hukatwa, kisiki huchipua. Hata ukifa, mizizi iliyooza huacha njia wazi za maji.

Dhana: Jua la mchana na baridi ya usiku vinatosha kupasua jabali.

Mwaka 1936 mtafiti David Griggs alipasha itale moto na kuipoza mara 89,400 ikiwa kavu, asione badiliko lolote. Alipoipoza kwa maji, uso wake ulianza kuharibika baada ya muda mfupi tu. Leo wataalamu hawalipuuzi jua kabisa, ila penye unyevu ndipo linapofaulu zaidi. Moto wa kuni au matairi unaowashwa juu ya jabali machimboni ni jambo jingine: joto lake ni kali mno, na tabaka la juu hutanuka ghafla na kubanduka. Barafu nayo, inayotanuka kwa asilimia 9 hivi maji yakiganda, ni habari ya milima ya Rwenzori juu, si ya Soroti kwenye tambarare lenye joto.

Dhana: Kuoza kwa mwamba ndiyo mmomonyoko.

Kuoza hutokea pale pale mwamba ulipo. Mmomonyoko ni kusombwa. Mteremko wa Mlima Elgon una udongo mzito wa mfinyanzi uliotokana na miamba ya volkano. Mvua ikiujaza, huporomoka, kama ilivyotokea Bududa, wilaya ya mteremko huo, Machi 2010.

Dhana: Mawe shambani hukua.

Hayakui, udongo unaoyazunguka ndio unaoondoka. Maji huanza kuozesha mwamba kwenye nyufa na pembe, katikati kukabaki jiwe la mviringo. Mvua ikisomba kilichooza, jiwe huchomoza zaidi kila mwaka.

Hapa ndipo wajenzi huponzwa. Huliona jiwe kubwa, huligonga kwa nyundo, likalia vizuri (lililooza hutoa sauti butu), basi wakaanzisha msingi juu yake. Chimba kando yake hadi uone linakoishia. Udongo ukipita chini yake, hilo si mwamba bali jiwe linaloelea. Kona moja ya nyumba ikikaa juu yake na nyingine juu ya mfinyanzi unaobonyea, ukuta utapasuka. Ama liondoe, ama shusha msingi wote hadi kwenye tabaka moja.