Je, Wajua? Kwa Nini Shirika la Haki Hukaa Nyuma Watu wa Mtaa Wakiandamana Mombasa

Maandamano yakipita Barabara ya Moi kuelekea Pembe za Ndovu, wanaoonekana ni vijana, kina mama, mabango na askari. Watu wa mashirika ya haki ni nadra kuwaona mstari wa mbele. Wapo wanaodhani wamejificha. Ukweli ni kwamba kazi yao nyingi imeshafanyika siku kadhaa kabla, na iliyobaki huanza jua likizama, watu wakishakamatwa.

Kwanza ni karatasi. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria nayo inataka mkuu wa kituo cha polisi apelekewe notisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya siku yenyewe, ikiwa na jina na anwani ya mwandalizi, njia itakayopitwa, na muda ulio kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Hiyo ni notisi, si ombi la ruhusa. Asiyejua hilo, akiambiwa kituoni "hamna kibali", hugeuka akarudi nyumbani. Shirika lililozoea huandika barua na wakazi, hugongesha muhuri wa kituo kwenye nakala, na kuiweka nakala hiyo vizuri. Siku ya kesi, karatasi ile ndiyo inayosema kwamba watu hawa hawakuvamia mji.

Halafu usiku. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ana haki ya wakili. Lakini haki hiyo inamsaidia nani ikiwa hata haijulikani amepelekwa kituo gani? Kwa hiyo namba za mawakili husambazwa mapema kwenye WhatsApp, na walio ndani ya karandinga huhimizwa watume majina yao simu zikiwa bado mkononi. Mtu wa shirika huzunguka vituo akiwa na orodha hiyo, akiuliza jina moja moja. Kazi hiyo haipigwi picha, nami naiheshimu kuliko hotuba yoyote.

Owino Uhuru, kule Mikindani, inaonyesha msaada huo unavyoweza kuendelea miaka mingi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwamwagia wakazi sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mtoto wake mchanga aliugua kwa sumu hiyo. Akaanza kuwakusanya majirani. Mwaka 2012 yeye na wenzake walikamatwa wakiandamana, wakashtakiwa, na baadaye mahakama ikawaachilia. Kundi dogo la mtaani halingeweza kubeba peke yake kesi, vipimo vya damu na vitisho. Mashirika makubwa yalishika sehemu ya mzigo. Human Rights Watch, shirika la kimataifa la haki za binadamu, kwa mfano, walitoa filamu fupi mwaka 2014 ambamo wakazi walijieleza wenyewe. Kiwanda kilifungwa mwaka huohuo. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu tangu kukamatwa kule: miaka 12. Hasira ya barabarani haidumu muda huo bila mtu wa kutunza mafaili.

Okoa Mombasa, muungano uliopinga mizigo ya bandari kulazimishwa kusafiri kwa reli ya kisasa (SGR), nao ulifika mahakamani. Mei 2022 Mahakama Kuu iliamuru serikali itoe mikataba ya reli hiyo.

Kusaidia hivi kuna gharama. Aprili 2015, baada ya mauaji ya kigaidi katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliyaweka mashirika ya haki ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa, kwenye orodha ya walioshukiwa kuhusiana na ugaidi na kuzifunga akaunti zao za benki. Mahakama Kuu Mombasa iliyasafisha, na Novemba mwaka huo ikaamuru akaunti zifunguliwe. Shirika lililosajiliwa lina ofisi na akaunti, na vyote viwili hufungika kwa barua moja. Harakati ya mtaani haina akaunti ya kufungwa. Ndiyo maana zahitajiana, na ndiyo maana shirika likilivisha kila mwandamanaji fulana yake nadhani linakosea: serikali itabishana na shirika, na shida ya mtaa itasahaulika.

Basi kama mtaa wenu una jambo, nendeni ofisini kwa shirika la haki kabla hamjachora mabango. Bebeni tarehe, njia mtakayopita, na majina ya watakaotia saini notisi. Saini ziwe zenu.