Obama hakupiga kura kuhusu Iraq, na mengine niliyochoka kuyasahihisha

Nafundisha mifumo ya serikali, na kila muhula nikigusa Marekani hakosi mtu wa kunitajia kura ya Obama dhidi ya vita vya Iraq. Juzi nimeisikia hata kwa mtangazaji wa redio. Basi tuyamalize hapa.

Dhana: Obama akiwa seneta alipiga kura kupinga vita vya Iraq.

Hakupiga, wala hangeweza. Kongresi, yaani bunge la taifa, ilipoidhinisha vita hivyo Oktoba 2002, yeye hakuwa mjumbe wake. Alikuwa seneta katika bunge la jimbo la Illinois, kikao chake kiko Springfield, na alikuwa huko tangu Januari 1997. Alichofanya ni kuhutubia mkutano wa hadhara Chicago tarehe 2 Oktoba na kuvipinga vita. Hotuba ni hotuba. Haimo katika zile kura 77 kwa 23 za Seneti ya Washington. Maseneta walioiwakilisha Illinois huko Washington na kuhesabiwa siku hiyo ni Dick Durbin, aliyekataa, na Peter Fitzgerald, aliyekubali. Kiti cha Fitzgerald ndicho Obama alichokuja kukishinda 2004. Alipoapishwa Januari 2005, vita vilikuwa vinakaribia kutimiza miaka miwili.

Chanzo cha mkanganyo nakielewa. Kenya tuna Seneti moja, iko Nairobi, kwisha. Marekani kila jimbo lina bunge lake, na yote isipokuwa la Nebraska yana mabaraza mawili. Illinois ina maseneta 59 na wawakilishi 118. Dawa yangu ni moja: kabla hujataja cheo cha mtu, uliza anaenda kikao mji gani.

Nikishaeleza hayo, hapo hapo husikia: "Kumbe alikuwa kama MCA tu," yaani mjumbe wa bunge la kaunti hapa Kenya. Hapa ndipo navua miwani. MCA wa Kisumu hawezi kugusa sheria ya mauaji. Bunge la Illinois linaweza, na liliigusa. Mwaka 2000 Gavana George Ryan alisimamisha utekelezaji wa hukumu ya kifo, kwa kuwa tangu 1977 jimbo lilikuwa limewaua wafungwa 12, huku wengine 13 waliosubiri kuuawa wakiondolewa hatia. Zilikuwemo kesi za watu waliobanwa na polisi hadi wakakiri wasichofanya. Obama akadhamini mswada wa kuwalazimisha polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga mwanzoni. Akakaa nao, wakavutana, akarekebisha vifungu, na mwaka 2003 ukapita Seneti bila kura hata moja ya kuupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza ambalo bunge lake lilitunga sheria ya namna hiyo.

Mbona 2003 na si mapema? Kwa sababu miaka sita ya kwanza chama chake, Democratic, kilikuwa upande wa wachache katika Seneti hiyo, na mswada wa wachache hufia kwenye kamati. Wanaomhukumu kwa miaka hiyo sita wangeangalia kwanza nani alishika ratiba.

Dhana: Hajawahi kushindwa uchaguzi.

Mwaka 2000 aliwania kiti cha Baraza la Wawakilishi, Washington, dhidi ya Bobby Rush katika mchujo wa chama. Rush alipata kura takriban mara mbili ya zake.

Dhana: Kura zake 129 za "nipo" ni woga mtupu.

Kura ya "nipo" si ndiyo wala hapana, na katika Seneti ya Illinois alipiga 129 kati ya takriban 4,000. Pia, Illinois mswada wa kawaida unataka "ndiyo" 30 kati ya maseneta 59, kwa hiyo "nipo" inauumiza sawa na "hapana". Mara nyingine ilikuwa mbinu ya chama. Mara nyingine alikuwa anakwepa, sikatai.

Dhana: Hotuba ya Boston, kwenye mkutano mkuu wa chama chake, aliitoa akiwa seneta wa Washington.

Ilikuwa Julai 2004, akiwa bado mgombea. Kiti cha Springfield alikiachia Novemba, baada ya kushinda.