Je, wajua kwa nini gari dogo la viti viwili humfurahisha dereva kuliko gari lenye nguvu nyingi?

Buti la Mazda Roadster ya sasa, gari ambalo nchi nyingi hulijua kwa jina la MX-5, lina ujazo wa lita 130 hivi. Gunia la viazi vya Molo haliingii humo hata ulisukume vipi. Viti ni viwili, paa ni turubai linalokunjwa nyuma ya migongo yenu, na injini ya toleo linalouzwa Japani ni ya lita 1.5, sawa na ya Probox nyingi zinazopakia abiria wa Njoro na Rongai. Probox itabeba familia, kuku na unga. Roadster itabeba watu wawili na begi moja. Hata hivyo, kufikia Aprili 2016 Mazda ilikuwa imeunda Roadster milioni moja, na kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kinalitambua kama gari la spoti la viti viwili lililouzwa zaidi duniani.

Watu hao wote walinunua nini? Wengi hudhani ni kasi. Lakini kwa kasi pekee gari hili hushindwa na magari mengi ya kawaida, na wanaolimiliki wanalijua hilo vizuri. Jibu langu ni kwamba walinunua gari wanaloweza kulitumia lote. Gari la nguvu farasi 500 hufika kilomita 110 kwa saa, kikomo cha juu kabisa cha sheria yetu ya barabara, kabla dereva hajaanza kulionja. Baada ya hapo kazi yake ni kujizuia. Gari dogo unaweza kulikanyaga mafuta hadi mwisho kwenye gia ya pili, ukasikia injini inapanda mpaka juu, ukaingiza ya tatu, na bado uko ndani ya sheria. Raha iko katika kuendesha kwenyewe, na gari hili hukupa kazi ya kufanya hata ukienda polepole.

Siri ya kwanza ni uzito. Roadster ya kwanza ya mwaka 1989 ilikuwa na kilo 940 hivi. Toleo jepesi la kizazi cha sasa lilipotoka mwaka 2015 lilikuwa na kilo 990, na hilo ni jambo la kustaajabisha ukikumbuka mifuko ya hewa, vyuma vya kukinga ubavuni na vifaa vya kompyuta vilivyoongezwa katikati ya miaka hiyo. Prado hupita tani mbili. Sasa fikiria kona. Ukipita kona yenye nusukipenyo cha mita 30 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kila gari husukumwa kwenda nje kwa nguvu inayofika karibu sehemu nne za kumi za uzito wake. Prado ni lazima izuie msukumo mara mbili ya ule wa Roadster, tena ikiwa imesimama juu kwa miguu mirefu, ndiyo maana huinama. Gari jepesi lililokaa chini hugeuka mara tu usukani unapogeuka, na breki zake hazichoki upesi kwenye mteremko.

Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, ndiye aliyeishika kanuni hii kwa nguvu kuliko wengine. Aliamini kwamba kuongeza nguvu hukusaidia kwenye barabara iliyonyooka, ilhali kupunguza uzito hukusaidia kila mahali. Lotus Elan yake ya mwaka 1962 ilikuwa na kilo 700 hivi tu, na wahandisi wa Mazda waliichunguza sana walipokuwa wakibuni Roadster.

Hapa kwetu kuna barabara inayoeleza jambo hili vizuri kuliko hesabu yoyote. Toka Nakuru asubuhi, elekea kaskazini kupitia Mogotio unapovuka ikweta, mpaka Marigat. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Marigat ni zaidi kidogo ya mita 1,000. Hapo geuka kushoto, upande Milima ya Tugen hadi Kabarnet, karibu mita 2,000, kisha ushuke tena hadi daraja la Mto Kerio pale Cheploch, halafu upande ukuta wa Elgeyo kupitia Tambach hadi Iten, mita 2,400. Ni lami kwa lami, kona kwa kona. Ndani ya gari lililofungwa, kiyoyozi kikivuma, safari hii ni mandhari yanayopita dirishani. Ukiwa umefungua paa, unasikia joto likipanda kutoka barabarani unapokaribia Marigat, harufu ya mbuzi na vumbi la miiba, kisha baridi inayoanza kukugusa masikioni kilomita chache tu baada ya kuanza kupanda. Ukisimama kununua asali ya Baringo kando ya njia, muuzaji hahitaji kuinama dirishani. Mnasalimiana kana kwamba uko kibarazani.

Na kwenye kona za Tambach ndipo viungo vyote vya gari hufanya kazi pamoja. Unakanyaga breki kidogo kabla ya kona, mguu wa kushoto unabonyeza klachi, mkono unarudisha gia kutoka ya tatu hadi ya pili. Mkono wa gia wa Roadster ni mfupi na husogea sentimita chache tu, kwa hiyo kifundo cha mkono kinatosha na bega halina haja ya kusogea. Kisha unageuza usukani, pua inafuata, na magurudumu ya nyuma yanaanza kusukuma. Kugeuza ni kazi ya magurudumu ya mbele. Kusukuma ni kazi ya nyuma. Kwenye magari mengi madogo tunayoendesha, Vitz na Demio kwa mfano, magurudumu ya mbele hufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja, na mikono huihisi tofauti hiyo. Uzito nao umegawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, kwa sababu injini imerudishwa nyuma kadiri ilivyowezekana.

Siri ya pili iko machoni. Kasi tunayoihisi haitoki kwenye dashibodi. Inatoka kwenye lami inayopita chini ya macho yetu. Kadiri jicho lilivyo karibu na lami, ndivyo lami inavyoonekana kukimbia. Dereva wa gari hili hukaa chini sana, macho yake yakiwa mita moja hivi kutoka ardhini, na dereva wa gari refu huwa mita moja na nusu. Kwa mwendo uleule, lami humpita huyu wa chini kwa kasi ya mara moja na nusu hivi machoni. Ongeza upepo na sauti ya injini isiyozibwa na paa, na kilomita 60 kwa saa huwa safari ya kusisimua. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo sababu bora ya usalama ya kulipenda gari la aina hii: dereva huridhika mapema.

Upepo nao una tabia ambayo wengi hawaitarajii. Hewa ikiruka juu ya kioo cha mbele, nyuma yake hubaki nafasi yenye shinikizo dogo la hewa, na hewa nyingine hurudi kuijaza kutoka nyuma ya viti. Kwa hiyo baridi hukupiga shingoni, si usoni. Ndiyo sababu huwekwa wavu au kioo kidogo katikati ya vichwa vya viti. Asubuhi ya Julai pale Nakuru, wenye magari haya hupandisha vioo vya milango, hufungulia hita miguuni, na huendesha paa likiwa wazi bila kutetemeka. Mchana kofia ni lazima: jua la ikweta kwenye kimo hiki huchoma ngozi hata kukiwa na ubaridi.

Kutoa paa kuna gharama yake ya kiufundi. Chukua kadibodi ya maziwa ya dukani na uipinde ikiwa imefungwa, kisha uifungue juu na uipinde tena, utahisi ilivyolegea. Gari nalo hulegea hivyo, na likipita kwenye shimo, kioo cha mbele na usukani hutetemeka. Mtengenezaji hulazimika kuimarisha sakafu na vizingiti vya milango kwa chuma cha ziada. Gari lililokuwa na paa la chuma kisha likakatwa huongezeka uzito sana kwa sababu hiyo. Roadster ilichorwa tangu siku ya kwanza kuwa gari lisilo na paa, na kati ya gia na difu ya nyuma kuna kiunzi kirefu cha alumini kinachoviunganisha, ndiyo maana ukikanyaga mafuta gari huitikia papo hapo.

Unafuu wa bei ya gari hili una historia ndefu, na historia hiyo ni ya spea za kawaida. Waingereza ndio waliotangulia: baada ya Vita vya Pili vya Dunia, magari ya MG yaliuzwa kwa wingi Marekani, na baadaye zikaja Austin-Healey Sprite mwaka 1958, kisha MGB na Triumph Spitfire mwaka 1962. Sprite ilitumia injini ya Austin na Morris za kawaida. Spitfire ilijengwa juu ya vyuma vya Triumph Herald, gari la familia. Mnunuzi alilipia umbo jipya tu; chini yake mlikuwa na mitambo ambayo fundi yeyote aliijua. Mazda ilifuata njia ileile: injini ya lita 1.6 ya Roadster ya kwanza ilitokana na ile ya Mazda 323, na injini ya sasa ya lita 1.5 ni ya ukoo mmoja na ya Demio.

Magari ya Waingereza yalififia miaka ya 1970. Sheria za Marekani za usalama na moshi zilibana, na MGB ilipandishwa juu na kufungwa mabampa mazito ya mpira hadi ikapoteza tabia yake. Mwaka 1980 uundaji wake ukaisha. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwandishi wa habari za magari Mmarekani, Bob Hall, aliulizwa na Kenichi Yamamoto wa Mazda ni gari gani kampuni hiyo inapaswa kuunda. Akajibu: gari jepesi la spoti, la bei nafuu, kama yale ya Waingereza. Ilichukua miaka kumi. Februari 1989 gari hilo likaonyeshwa Chicago, nalo lilikuwa na kitu ambacho yale ya zamani hayakuwa nacho: lilikuwa likiwaka kila asubuhi, na halikuvuja mafuta.

Sasa, kwa mtu wa Nakuru anayelitaka, kuna jambo moja ambalo matangazo ya Japani hayasemi. Kwenye kimo chetu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kati ya sehemu moja ya sita na moja ya tano ya nguvu zake. Nguvu farasi 130 hivi za Roadster ya lita 1.5 huwa karibu 110 ukiwa Kenyatta Avenue, na hupungua zaidi ukipanda Timboroa. Tabo, pangaboi dogo linalozungushwa na moshi wa injini, huisukuma hewa ndani kwa nguvu na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Hapo ndipo magari madogo kabisa ya Japani yanapopata nafasi. Sheria ya Japani huyawekea kikomo cha sentimita za ujazo 660 na urefu wa mita 3.4, nayo hutoa nguvu farasi zisizozidi 64. Honda S660, iliyoundwa kati ya 2015 na 2022, ina tabo, injini iko nyuma ya viti, na uzito ni chini ya kilo 900. Daihatsu Copen nayo ina tabo. Kwa kimo chetu, ningeitazama S660 kwa makini kabla ya kuamua.

Ukiagiza, kumbuka Kenya hairuhusu gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani sharti uwe kulia. Roadster za kwanza, zile za taa zinazochomoza kwenye boneti, haziingii tena kwa njia hiyo. Utazipata tu kwa Wakenya wanaozimiliki tayari. Matuta ni suala la kweli. Gari hukaa sentimita 13 au 14 tu kutoka ardhini, na tuta refu la mtaani huvukwa kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine.

Na kabla ya kulipia lililotumika, nenda nalo gereji, ufungue paa, uangalie nyuma ya viti. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai huingia kwenye mifereji midogo hapo, yakashuka kwa bomba mpaka chini ya gari. Majani na vumbi vikiziba bomba hilo, maji hubaki kwenye vizingiti vya milango na kutu huanza ndani, mahali usipopaona. Mimina glasi ya maji kila upande. Yakitoka chini mara moja, endelea kuzungumza bei. Yakikawia, mwambie fundi apapase vizingiti kwa bisibisi.