Sumu ya vita haifi kwa kutoswa majini

Hapa Kigoma, mazungumzo ya silaha za kemikali yakizuka mwaloni, hakosekani mzee anayesema kwamba dawa yake ni kilindi: zitoswe katika maji marefu kama ya Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinapita mita 1,400, nazo zitakuwa zimekwisha. Dhana hiyo ni ya zamani, na hata mataifa makubwa yaliifuata. Baada ya Vita Kuu ya Pili, maelfu ya tani za silaha hizo yalitoswa katika Bahari ya Baltiki, na miaka mingi baadaye wavuvi wa huko waliunguzwa na mabonge ya haradali, sumu ya vita inayobabua ngozi, yaliyonaswa katika nyavu zao. Mvuvi wa dagaa ataelewa uchungu huo bila kuelezwa.

Mkataba wa kimataifa wa silaha za kemikali, ulioanza kutumika mwaka 1997, unakataza kuziangamiza kwa kutosa majini, kufukia ardhini na kuchoma mahali pa wazi.

Kinachotakiwa ni kiwanda cha kuziangamiza. Kile cha Pueblo, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, kilitumia roboti kufungua makombora na kutoa haradali, ambayo ingawa huitwa gesi ni kimiminika kizito. Kisha ilivunjwavunjwa kwa maji ya moto na soda kali, na mabaki yake yakalishwa bakteria. Hewa ilivutwa daima kuelekea ndani, kwenye vyumba vyenye hatari zaidi, ili hata ufa ukitokea isitoroke, na haikuachiwa nje kabla ya kupita katika vichujio vya mkaa. Kazi hiyo ilikamilika Juni 2023.