Mageuko ya Pamoja: Kina cha Ua na Urefu wa Ulimi

Mageuko ya pamoja ni pale viumbe wa aina mbili wanapobadilika kizazi baada ya kizazi, kila mmoja akimsukuma mwenzake. Hutokea sana kati ya maua na wachavushaji wao, yaani viumbe wanaobeba chavua (unga wa uzazi wa ua) toka ua hadi ua, na sijaona mfano unaonigusa kama okidi moja nyeupe ya Madagaska, Angraecum sesquipedale.

Nyuma ya ua lake unaning'inia mkia mwembamba wenye uwazi ndani, mrefu karibu sentimita 30, sawa na rula ya mwanafunzi. Mbochi, yaani maji matamu ya ua, yako chini kabisa ya mkia huo. Mwaka 1862 mwanasayansi Charles Darwin aliletewa maua hayo Uingereza, akayapima, akasema lazima Madagaska kuna nondo mwenye ulimi wa kufika huko chini.

Wengi hudhani ua na mdudu wamepatana. La hasha, kila mmoja anatafuta chake. Nondo mwenye ulimi unaozidi kina cha ua hunywa akiwa mbali, kichwa hakigusi kitu, chavua haimnati. Ua lenye mkia mrefu zaidi humlazimu azamishe ulimi wote na kusukuma uso ndani. Akiondoka, vifurushi vya chavua vimemganda, naye huvipeleka kwenye ua jingine. Ua la namna hiyo ndilo linaloacha mbegu nyingi. Kwa nondo nako, mwenye ulimi mfupi hayafikii yale matamu, mwenye mrefu hushiba. Basi mkia ukirefuka, ulimi nao hurefuka, hata kama ni kwa unywele mmoja kila mara.

Huko Uswidi, mwanasayansi L. Anders Nilsson alilijaribu jambo hili kwa okidi nyingine, akachapisha matokeo mwaka 1988: maua aliyoyapunguza kina yalichukuliwa chavua kidogo.

Si maua yote yako hivyo. Alizeti hukaribisha nyuki, vipepeo na wengine wengi.

Darwin alifariki 1882 bila kumwona nondo wake. Mwaka 1903 nondo huyo alielezwa kisayansi na kupewa jina praedicta, yaani "aliyetabiriwa". Ndugu yake wa Afrika bara, Xanthopan morganii, ana ulimi mfupi zaidi. Yule wa Madagaska, akipumzika, huuviringa ulimi wake kama mkeka chini ya kichwa. Ulimi wa mmoja aliyepimwa ulifika sentimita 28.5.