Dikoda ya kitaalamu: yasemwayo Malindi na Lamu, na yalivyo

"Ukinunua ya kitaalamu, inavuta mawimbi vizuri zaidi." Dhana hii inawagharimu watu pesa nyingi kuliko zote. Dikoda ya kitaalamu, ile ya stesheni na hoteli, haivuti chochote. Kinachoamua ni dishi, LNB (kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi) na waya. Dikoda hupokea tu kile LNB ilichokishusha hadi kati ya 950 na 2150 MHz. Ubora wake ni kwamba inakupa vipimo badala ya vijimstari. Achana na kipimo cha nguvu, tazama C/N, yaani mawimbi yamezidi kelele kwa kiasi gani. Chaneli ya DVB-S2 (mfumo wa kurusha televisheni ya dijitali kwa setilaiti) inayorushwa kwa namna iitwayo 8PSK 3/4 inahitaji, kinadharia, karibu desibeli 8. Ukiwa na 8.5 picha ni safi; wingu zito likipita ikashuka hadi 7.5, picha imekwenda, tena bila zile chenga za analogi zilizokuwa zikikuonya mapema. Fundi anayeridhika na 8.5 kwenye Ku, masafa ambayo mvua huyadhoofisha sana, hajamaliza kazi. Abaki na akiba ya desibeli 3 au zaidi.

"Nusu ya chaneli hazipo, dikoda imeungua." Lamu, kabla ya kuifungua mashine, panda juu ya dari uangalie konekta. Chumvi ya bahari ikiingia huigeuza kijani, na maji hutambaa ndani ya waya. LNB huchagua mawimbi ya wima (V) kwa volti 13 na ya mlalo (H) kwa volti 18, zinazotoka kwenye dikoda. Konekta iliyooza hula volti, zile 18 zikafika juu zikiwa 14, na LNB ikabaki kwenye V. Ndiyo maana chaneli za H hupotea huku za V zikionyesha kama kawaida. Pima volti upande wa LNB, nayo ikiwa imeunganishwa, si nyuma ya dikoda. Ukibadilisha konekta, izungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha uache kitanzi cha waya chini ya LNB ili maji yadondoke hapo.

Wapo wanaodhani jirani wa kituo cha anga cha Ngomeni, karibu na Malindi, ana nafuu ya mapokezi. Hana. Setilaiti za televisheni ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kinachomhusu mtu wa Malindi ni kwamba setilaiti ya 36° Mashariki iko karibu utosini, nyuzi 84 hivi, kwa hiyo dishi la duara lenye LNB katikati hukaa kama bakuli na kujaa maji masika. Toboa tundu la milimita 6 pale chini kabisa, halipunguzi mawimbi.

"ASI na SDI ni kitu kimoja, mbona tundu ni lile lile?" Hizi ni njia mbili za kutoa ishara nyuma ya dikoda. Zote hutumia BNC (konekta ya kuzungusha na kufunga) ya omu 75, na SDI ya kawaida huenda 270 Mb/s sawa na ASI. Lakini ASI hubeba mkondo uliobanwa, SDI hubeba picha iliyokwisha kufunguliwa. Chomeka ASI kwenye skrini ya SDI, utapata giza.

"Kadi moja ya nyumbani inatosha hoteli nzima." Leseni haikuruhusu, na moduli (kifaa kinachoshika kadi) ya nyumbani kwa kawaida hufungua chaneli moja au mbili. Ya kitaalamu hufungua kadhaa kwa wakati mmoja, kwa idadi uliyoilipia. Halafu kuna mtandao: chaneli 8 za 4 Mb/s ni 32 Mb/s, na swichi isiyowashwa IGMP snuping (kazi ya kupeleka chaneli kwa aliyeiomba tu) huzimwaga kwenye kila tundu, hata la Wi-Fi. Wageni wakilalamika intaneti imekufa tangu televisheni zifungwe, anzia hapo.

"Ukiwa na namba za BISS unafungua chochote." BISS ni namna ya kufunga matangazo kwa namba ya siri. BISS-1 ni tarakimu 12 za heksa (0 hadi 9 na A hadi F), haina kadi, na hutumika zaidi kwa matangazo yanayotumwa kutoka uwanjani kwenda stesheni. Chaneli za kulipia zimefungwa kwa mifumo mingine, na namba hizo haziwezi kuzifungua.